Vidole Vinne Begani

Ginka anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alipanda mlima Ijumaa alfajiri na ndoo zake za asali, akafika Uwanda wa Ravnishte, kwenye tamasha la zumari la kila mwaka, umande haujakauka, na mtu wa kwanza kumwona kati ya mahema yale yote alikuwa Stamena, mjane wa Asen, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alitoka hemani miguu mitupu, anasema Ginka, kichwa hakina kitambaa, amevaa kizibao chekundu, na nyuma yake akatoka mwanamume. Kisha zumari za ngozi zikaanza kulia, na Stamena akaenda kushika kichwa cha mduara, akacheza kama msichana anayetafuta mchumba. Mwanamke wa miaka sitini na tisa. Na mumewe hata nusu mwaka hajatimiza kaburini.

Hayo aliyasema Jumamosi saa mbili asubuhi, katika duka la mikate la kijiji chao, Zagrade, mbele ya watu saba. Wa nne katika foleni alikuwa Milka, mke wa mwana wa Stamena. Ginka hakumwona, au alimwona. Milka alikuwa amekuja kuagiza mikate midogo arobaini, kwa sababu kesho yake, Jumapili, ilikuwa sala ya nusu mwaka ya Asen, na kijiji kizima kilialikwa makaburini na baadaye mezani. Hakuna aliyepunguza sauti. Zamu yake ilipofika, mwenye duka alishika kalamu akauliza kama bado ni arobaini au wapunguze, maana huenda wageni wengine wamepata safari ya mlimani.

"Arobaini," Milka akasema. "Hata wa kwako umo humo."

Alitoka akiwa amenyoosha shingo. Alipopita kona ya kanisa ndipo akaanza kwenda mbio.

Alimkuta mumewe, Krasen, juu ya kigoda langoni, anabandika tangazo jipya la msiba juu ya lile la siku ya arobaini lililokwisha kupauka kwa jua. Gundi ilikuwa bado mbichi. Picha ilikuwa ile ile, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo Asen anacheka: alipigwa mbele ya hema lake huko Ravnishte, kiangazi cha mwaka juzi. Stamena alikuwa kando yake. Krasen alimkata kwa mkasi, maana mtu aliye hai hawekwi kwenye tangazo la maiti, ni kujitakia mkosi. Lakini mkono wa Stamena ulikuwa umelala begani mwa mumewe, na mkasi haukuweza kuutoa bila kulitoa bega. Vikabaki vidole vinne. Tangu Januari watu walikuwa wakisimama langoni, wanafanya ishara ya msalaba, kisha wanauliza vile vidole ni vya nani.

"Mama yuko wapi?" Milka akauliza.

"Kwa shangazi Yonka. Si alituaga Alhamisi?"

"Mpigie shangazi."

Krasen alipiga simu. Shangazi Yonka alisema Stamena amelala. Saa tatu asubuhi, mwanamke ambaye maisha yake yote huamka kabla ya kuku. Krasen aliposema basi anataka tu kumsikia akikoroma, shangazi akasema mtandao unakatika, na ukakatika.

Milka alikuwa ameshapanda darini. Alishuka na vumbi magotini. Hema halikuwepo. Jiko dogo la gesi halikuwepo. Mifuko ya kulalia haikuwepo.

"Yote miwili, Krasen," alisema. "Mtu mmoja analalaje kwenye mifuko miwili?"

Krasen aliosha brashi ya gundi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Milka akamsogelea, akamweleza yote ya dukani, neno kwa neno, na hakuongeza chochote, kwa sababu hakukuwa na haja. Halafu akamkumbusha jambo ambalo hakuwahi kulitaja tangu mazishi. Miezi minne Asen alipolala hawezi hata kujigeuza, ni yeye Milka aliyemgeuza. Yeye ndiye aliyefua yale mashuka. Stamena kiuno kilikuwa kimemkamata, akawa anakaa kitini kando ya kitanda anamshika mzee mkono na kumhadithia habari za mahema. Milka hakulalamika. Kila mtu na kazi yake. Lakini ngano ya kuwagawia watu kwenye sala ya marehemu huchemshwa na mjane, na mjane ndiye huibeba hadi kaburini, na hilo moja hakuna wa kumsaidia.

"Saa kumi na mbili jioni awe jikoni, anaosha ngano," alisema. "Asipokuwepo, nitaichemsha mimi. Na kesho nitaibeba mimi mbele ya kijiji kizima. Watu wakiuliza mjane yuko wapi, nitawaambia ukweli. Baada ya hapo kitanda chake kitakuwa kule jiko la nje, kwa sababu mimi siwezi kukaa meza moja na mtu aliyenivua nguo dukani."

"Huwezi kumweka mama jiko la nje."

"Basi mlete."

*

Kutoka Zagrade hadi Ravnishte ni saa moja na nusu kwa gari, kona baada ya kona. Krasen aliweza kuondoka saa saba mchana tu, meza za wageni zilipokwisha kupangwa. Alisimama njiani kutia mafuta, na hapo akakutana na Zhivko, anayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha mbao. Zhivko alikuwa anateremka kutoka mlimani na mwanakondoo wa kuchoma kwenye karatasi. Alimpa pole ya sala ya kesho. Kisha akashindwa kujizuia.

"Lakini ndugu yangu, mama yako ana afya," alisema. "Mwambie akutafutie na wewe nafasi ya hema. Mimi wa kwangu nikimpeleka hadi posta tu, anaomba apumzike."

Krasen alicheka, kwa kuwa asiyecheka ndiye husemwa zaidi. Alilipa mafuta. Mwanamke wa kituo alimrudishia chenji iliyozidi leva mbili, naye akaondoka nazo bila kuziona.

Alipokuwa akipanda, aliwaza atakachosema. Wazazi wake walianza kwenda Ravnishte miaka kumi na tisa iliyopita, wote wawili wakiwa na miaka hamsini, umri ambao wenzao walikuwa wananunua viti vya kuegemea. Walinunua hema la kijani. Kila mwishoni mwa Julai walikwenda siku tatu, wakalala chini, wakala maharage kwenye bati, wakacheza mpaka Asen akalazimika kupakwa dawa za misuli mgongo mzima. Kila mwaka walimwita mwana wao aje, na kila mwaka Krasen alikuwa na kazi. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba wazee wake wanacheza utoto kwa sababu hawakuupata walipokuwa watoto. Milka alisema pengine ni kweli, na kwani kuna ubaya gani. Huyo alikuwa Milka wa wakati ule.

Kwenye lango la kambi mwanamke mwenye fulana ya njano alimwomba tiketi. Krasen alisema hakai, anamtafuta mtu. Anamtafuta nani? Mama yake. Mwanamke akainua nyusi.

"Wengine huja hapa kutafuta mabinti zao," alisema. "Pita, kaka. Wazee wapo kule chini ya misonobari, karibu na vyoo."

*

Hakuhitaji kuuliza tena. Kizibao chekundu kilikuwa kimetundikwa juu ya mti wa hema, kama bendera. Kilikuwa cha baba yake. Asen alikitundika hapo kila mwaka ili wanaokwenda kunywa wapate njia ya kurudi. Mahema ya wazee yalizunguka hapo kama kumi na mawili hivi, na mbele ya kila moja kulikuwa na viti vya kukunja, sufuria, viatu vinakaushwa, na kwenye matawi mifuko ya plastiki yenye vidonge vya presha, kila mmoja na wake. Bibi mmoja alikuwa analala mdomo wazi, kofia usoni. Wazee wawili walikuwa wanabishana kuhusu nani alitia chumvi kwenye maharage mara ya pili. Toka uwandani kulikuja sauti ya zumari nyingi kwa pamoja, nzito, ile ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Stamena alikuwa kitini mbele ya hema. Gauni jeusi, soksi nyeusi, kitambaa cheusi kimefungwa chini ya kidevu. Magotini alikuwa na sinia, anachambua ngano.

Alimwona mwanawe akaendelea na punje alizokuwa nazo mkononi.

"Ginka amefika," alisema.

"Amefika, mama."

"Nilijua nilipomwona hanunuliwi asali. Mtu asiyenunuliwa asali hurudi na habari." Akamwonyesha kiti cha pili, kilichokuwa kando yake kimefunguliwa na hakina mtu. "Kaa. Hapana, si hicho. Chukua kile cha Rayna, hapo jirani."

Krasen hakukaa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa kuwa wale wa maharage walikuwa wamenyamaza. Alimwambia alichosema Ginka, alichosema mwenye duka, alichosema Zhivko. Alipofika kwenye habari ya mwanamume, alilimeza neno kisha akatema jingine. Alimuuliza kama ni kweli.

Aliyejibu alikuwa mzee wa hema la jirani, Delcho, mpiga zumari mwenye miaka sabini na minne, anayetembea kwa fimbo. Alisema mwanamume ni yeye, na kama Krasen anataka kumpiga, amwachie kwanza aweke zumari chini, ngozi ni mpya. Ijumaa asubuhi Stamena kiuno kilifunga, hakuweza kuinuka. Aliita. Delcho na mkewe Rayna waliingia wakamwinua, huyu mkono huu, yule mkono ule, na kizibao alivishwa kwa sababu ya baridi. Alitoka Stamena, akatoka yeye Delcho.

"Rayna alibaki ndani anatafuta kitambaa cha kichwa," alisema. "Angengoja kidogo tu, Ginka angetuona watatu. Ila hadithi ya watu watatu hainogi."

"Na mduara?"

"Muulize mama yako."

Stamena aliweka sinia chini. Alisema hajacheza. Alisema amesimama kando ya mduara tangu Alhamisi jioni, kila zumari zinapolia, na amehesabu migongo ya watu. Alisema haya bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza alivyopanga foleni hospitali.

"Ningechezaje?" alisema. "Nina msiba. Mwenye msiba hajiingizi mduarani mwenyewe. Mimi ni mwehu, lakini si mwehu wa namna hiyo."

Krasen alitazama ndani ya hema. Mifuko miwili ya kulalia ilikuwa imeunganishwa kwa zipu, ikawa mmoja mpana. Upande wa kulia ulikuwa umejikunja kwa kulaliwa. Wa kushoto ulikuwa umenyooka, haujaguswa. Rayna, aliyekuwa anaosha bati, aliona anachotazama, akamweleza bila kuulizwa kwamba zipu iliota kutu miaka mingi iliyopita, haifunguki tena hata kwa mafuta.

*

Ilikuwa saa tisa. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa kusini. Krasen alisema wakiondoka sasa watafika kabla ya mvua, na ngano italowekwa kwa wakati, na Milka atapoa. Alianza kung'oa kigingi cha kwanza. Kigingi kilikuwa kigumu. Kiliachia ghafla na kumpaka tope suruali yote. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kiache," Stamena akasema.

"Mama, Milka hatanii. Anasema kitanda chako anakitoa nje."

"Milka ana haki. Nilimdanganya. Yeye alimfulia baba yako mashuka, na mimi nikaaga kwa uongo kama msichana wa shule. Nitamwomba radhi mimi mwenyewe, jikoni kwake, si hapa." Alivuta pumzi. "Ningesema ninakwenda Ravnishte, mngeniruhusu?"

Krasen alijipangusa tope la suruali.

"Ngano naijua ni yangu. Nimeileta, nimeichambua punje moja moja, haina hata jiwe. Usiku wa leo nitaichemsha, kesho nitaibeba. Sijakataa lolote. Lakini sikiliza."

Akamwambia kuhusu daktari. Krasen alijua kwamba mwezi wa tisa mama yake atafanyiwa operesheni ya nyonga mjini Plovdiv. Hakujua lililobaki. Daktari alisema baada ya kutiwa kile chuma asilale chini tena, asichuchumae, asiruke. Stamena alimuuliza na mahema je. Daktari alidhani ni mzaha, akamwambia bibi, sasa ni wakati wa mahoteli.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Baba yako mara ya mwisho aliniambia, mwakani hata kwa machela utanileta. Hakufika mwakani. Mimi nimefika. Sitaki lala salama ya hoteli. Nataka kucheza mara moja hapa kabla miguu haijawa ya daktari. Na siwezi kuingia peke yangu, unajua."

Krasen alijua. Kila mtu wa milima ile anajua. Mjane huondolewa msiba wa ngoma na mtu wa damu ya marehemu, anayemshika mkono mbele ya watu na kumwingiza mwishoni mwa mduara. Si rafiki, si jirani, si Delcho. Asen hakuwa na ndugu tena. Alikuwa na mwana mmoja.

"Ndiyo maana ulikuja bila kuniambia?" Krasen akauliza. "Ulijua nitakuja kukufuata?"

"Nilijua Ginka anauza asali," Stamena akasema.

Delcho alikohoa ndani ya kiganja. Krasen hakuona cha kuchekesha. Alisema ni mapema. Watu huingizwa baada ya mwaka, wengine baada ya nusu mwaka, na nusu mwaka ni kesho, si leo. Padre atasema nini? Rayna akasema sala ya marehemu huwahishwa, haicheleweshwi, hata padre mwenyewe husema hivyo akiwa na safari. Krasen akamjibu, kwa adabu aliyoilazimisha, kwamba yeye mama Rayna kesho hatakuwa langoni Zagrade anapokea wageni. Rayna akarudi kwenye bati zake.

Zumari zilinyamaza, watu wakapiga makofi, na mtu akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kwa sababu ya mvua mduara mkubwa wa jioni utapigwa sasa hivi. Delcho aliinuka kwa fimbo, akakumbatia zumari yake kama mtu anayebeba mwanambuzi, akaenda. Wale wa maharage wakaenda. Bibi aliyekuwa amelala akaamshwa, akaenda akifunga viatu njiani. Stamena akasimama. Ilimchukua muda. Alishika mti wa hema, kizibao kikamwangukia begani, naye hakukitoa.

"Natembea hadi pale tu," alisema. "Kusimama kando si dhambi."

*

Mduara ulikuwa na watu kama mia mbili, umejikunja mara tatu uwandani, mikono imeshikana, miguu inakwenda polepole kwa pamoja. Vijana wenye nywele za rangi walikuwa kati ya wazee. Mtu wa kwanza alipunga leso. Mtu wa mwisho alikuwa yule bibi wa kofia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa wazi, unaning'inia, kama mikono ya mwisho inavyokuwa.

Krasen alisimama kando ya mama yake, funguo za gari mkono wa kulia. Ng'ambo ya uwanda, chini ya mwavuli, aliona ndoo za asali. Ginka alikuwa amerudi, na wanawake wawili wa Zagrade walikuwa naye. Walikuwa wameshawaona. Mmoja alikuwa ameinua simu, kama mtu anayepiga picha ya mawingu.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni. Aliitoa kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa Milka. Aliiacha itetemeke, ikanyamaza, ikaanza tena. Akilini alimwona Milka jikoni, mikate arobaini chini ya kitambaa, saa ya ukutani. Alimwona na yule mwenye duka na kalamu yake. Aliwaza angesema nini kesho langoni, watu wanapofanya ishara ya msalaba mbele ya tangazo, iwapo leo wameonyeshwa kwenye simu mjane anacheza na mwana ndiye aliyemwingiza. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia shingoni.

"Twende nyumbani, mama," alisema. "Tafadhali."

"Twende," Stamena akasema. "Baada ya huu. Mzunguko mmoja, Krasen, halafu mimi mwenyewe nitang'oa vigingi."

Mkia wa mduara ulikuwa unakuja upande wao. Bibi wa kofia aliwaona, akapunguza hatua kwa kadiri alivyoweza bila kukata mnyororo, na mkono wake wazi ukawa unakaribia. Stamena hakumtazama bibi, wala Ginka. Alimtazama mwanawe, na akainua mkono wake, si juu sana, kiasi cha bega la mtu. Krasen aliviona vile vidole vinne, vilevile, kile cha kati kimepinda kidogo kwa baridi yabisi.

"Nishike, mwanangu," alisema. "Niingize."

Simu ilikuwa inatetemeka mkono wa kushoto. Funguo zilikuwa mkono wa kulia. Bibi wa kofia alifika mbele yao, akaendelea kukanyaga hatua palepale, mara moja, mara mbili, na nyuma yake mvua ikaanza kunyesha.